Nanga ya Nchi Kavu: Siku za Kungoja katika Maandishi ya Safari

Fasihi ya safari katika Kiswahili imezoea kuhesabu hatua kuliko vituo. Msomaji anayefungua kitabu cha safari hutarajia kuambiwa jahazi limeng'oa nanga lini, msafara umefika wapi, umekutana na nani na umerudi na nini. Zile siku zilizo katikati, ambazo tanga limekunjwa au mizigo imelazwa chini, hupitishwa kwa maneno mawili matatu: walikaa, kisha wakaondoka. Na hali kila aliyepata kusafiri anajua kwamba sehemu kubwa ya safari ni kukaa. Swali linalostahili kuulizwa na mhakiki ni hili: nani huziandika siku hizo, na nani huziruka? Jibu lake hueleza mambo mengi kuliko orodha ya tarehe za kufika na kuondoka, maana hudhihirisha ni nani aliyekuwa akichota maji.

Mfano ulio wazi zaidi uko baharini. Wako wageni wanaoishi katika mashua zao za matanga, wakizunguka bahari kwa miaka, na kila mwaka baadhi yao hutia nanga katika hori ya Kilifi, katika ghuba ya Tanga au mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja. Wengi wao hungoja kilekile kilichongojwa na manahodha wa zamani: kusi itulie, au kaskazi ianze kuvuma. Aghalabu huandika habari za siku zao, na anayezisoma habari hizo kwa mara ya kwanza huweza kuchoka upesi. Humo mna kamba iliyolika, pipa la maji lililokaribia kwisha, tanga lililoshonwa upya, nguo zilizoanikwa juu ya kamba za mlingoti, nanga iliyoburura usiku upepo ulipogeuka, na kihori kilichopigwa makasia hadi pwani kwenda kutafuta mkate na vitunguu. Visiwa vizuri na machweo ya jua yamo, lakini huja baadaye, kazi ikiisha.

Sababu haiko mbali. Watu hao hawana baharia wa kumtuma. Mara nyingi chomboni wamo wawili tu, mume na mke, na kila tone la maji wanalokunywa limepita mikononi mwao. Anayejichotea maji huyaandika maji. Hiyo si sifa ya kipaji chake. Ni alama ya mahali alipo. Hata kitabu kibovu cha mtu wa namna hiyo huweza kuwa na ukweli ambao kitabu kizuri cha mwenye chombo hakina.

Kipimo hicho chaweza kujaribiwa kwa kitabu bora kuliko shajara za wapita njia. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kikuwaiti kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, na mwaka 1940 akatoa kitabu chake Sons of Sinbad. Wasomaji wengi humkumbuka kwa maelezo ya matanga na mawimbi. Lakini kurasa zake zenye uzito zaidi ni zile za Rufiji, chombo kimelala mtoni, mabaharia wakipakia boriti za mikoko katika joto, matope na mbu. Humo msomaji anaona kwamba nahodha na baharia hawakai nanga moja. Nahodha akishuka pwani hushuka kwa biashara na mazungumzo. Baharia akifika bandarini ndipo kazi nzito inapoanza. Villiers aliyaona hayo kwa kuwa alikuwa baharia tangu ujana wake, na ndani ya jahazi lile hakuwa na amri yoyote. Jicho lake lilikwenda mikononi mwa watu.

Pepo zilizotawala vyombo hivyo hazikuishia ufukweni. Pembe za ndovu ziliposhuka kutoka bara, zilitazamiwa na wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu miezi ya kaskazi na kusi. Na nguo, shanga na masango yaliyopanda bara yalikuwa yamefika Unguja kwa upepo. Kwa hiyo njia ya misafara ilikuwa ni mkondo wa bahari ulioendelea juu ya ardhi, nayo ilikuwa na bandari zake. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Msafara uliotoka Bagamoyo ulivuka Ugogo kwa kulipa hongo, ukaingia Mgunda Mkali, nyika ya kiu, ndipo ukatokea Tura, ukapita Rubuga na Kigwa hadi Unyanyembe. Majina ya Tura na Kigwa yangali hai katika wilaya ya Uyui, wilaya ileile yenye Igalula, ambayo leo hujulikana na abiria kama kituo cha Reli ya Kati, kusini-mashariki ya mji wa Tabora. Kwa mtu wa pwani aliyetoka katika nyika ile, kuona mashamba ya sehemu hizo kulikuwa sawa na baharia kuona mnazi baada ya siku nyingi za maji matupu.

Hapo ndipo nanga ilipotiwa. Richard Burton na John Speke walifika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, mvua zikikaribia, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea na safari ya Tanganyika. Stanley alifika Juni 1871 akazuiliwa karibu miezi mitatu na vita vya Mirambo. Wafanyabiashara wa pwani wenyewe walikaa miaka. Walijenga tembe, wakapanda miembe na mikomamanga, wakaoa, wakazaa, na bado walijiita wasafiri. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Tabora ya karne ya 19 jembe la siku ya tatu lilipewa mtumwa, na mgeni akaendelea kuwa mgeni. Jambo hilo halina budi kukumbukwa kila inaposomwa sifa ya bustani za tembe zile.

Ni nani basi aliyeziandika siku za Tabora? Wa kwanza wa kutajwa ni Livingstone. Stanley alipomwacha Kwihara, jirani na Tabora, tarehe 14 Machi 1872, mzee huyo alibaki kungojea wapagazi watakaotumwa kutoka pwani. Walifika mwezi Agosti, naye akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo. Shajara yake ya miezi hiyo ni ya mtu aliyekwama. Anakisia msafara ungekuwa umefika wapi, anawatazama ndege wakiwalisha makinda katika mikomamanga ya uani, anaandika mvua na maradhi. Livingstone hakujichotea maji. Alikuwa na watu wake, kina Susi na Chuma. Lakini bila wapagazi asingeweza kwenda hatua moja, naye alilijua hilo kila alfajiri. Hivyo kipimo kinahitaji kupanuliwa kidogo. Siku za kungoja huandikwa na anayefanya kazi kwa mikono yake, na huandikwa pia na asiye na uwezo wa kuziamuru ziishe.

Wa pili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na hapa ndipo msomaji wa pwani anapoguswa zaidi, kwa kuwa kitabu ni chake na lugha ni yake. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili na kuchapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa nguzo za nathari yetu. Hakuna anayeweza kuisoma kazi hiyo asisifu lugha yake. Sentensi ni fupi, hazina mapambo, na zinakwenda kama watu waliozoea mizigo. Anaanza na biashara ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12. Akitimia 18 anafuatana na baba yake bara. Tabora kwake haikuwa ugenini kabisa. Baba yake alikuwa na makao huko, na mke wake mmoja alikuwa Karunde, binti wa Fundikira, mtawala wa Unyanyembe. Kama yuko mtu aliyeweza kutuachia picha ya siku za kawaida za bandari ile ya nchi kavu, ni yeye.

Hakuiacha. Katika Maisha siku za kukaa ni idadi tu: siku kadhaa hapa, mwezi pale, kisha safari. Zikirefuka, zimerefushwa na vita, deni au shauri na mtawala fulani. Pembe zinatajwa kwa frasila, wadai wanatajwa kwa majina, na mazungumzo yake na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, yanasimuliwa kwa ucheshi wa kupendeza. Lakini aliyetwanga mtama wa msafara hatajwi. Aliyejenga boma la miiba jioni hatajwi. Wapagazi wenyewe huonekana pale tu wanapoharibu hesabu. Mfano mashuhuri ni ule wa wapagazi wa Kizaramo waliotoroka. Tippu Tip alirudi vijijini mwao akawakamata watu kwa nguvu, na kwa ukali huo akapewa jina la Kingugwa. Kwa muda wa kurasa hizo wapagazi wana vijiji, wana wazee na jamaa. Wakishafungwa na mizigo kurudi mabegani, wanatoweka tena katika idadi. Mwandishi huyu aliwaona watu wake walipomkimbia, walipomtumikia hakuwaona.

Huenda mtu akatoa hoja kwamba lawama hii haina haki. Tippu Tip aliandika uzeeni, akiombwa na mgeni aliyetaka habari za vita na watawala, na kumbukumbu hufupisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kumbukumbu ileile iliyofupisha miezi ilihifadhi bei za pembe na majina ya wadai kwa makumi ya miaka. Kusahau hakukumpata kwa bahati. Kulifuata njia ya mali. Wala si kweli kwamba nathari ya Kiswahili ya wakati ule haikuwa na namna nyingine. Katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901, imo safari ya Sleman bin Mwenyi Chande aliyepanda bara kutoka pwani. Huyu hakuwa na jeshi la Tippu Tip. Hongo, njaa na mabishano na wenye nchi vinachukua nafasi kubwa katika masimulizi yake, kwa sababu hakuweza kuvimaliza kwa bunduki peke yake. Pale ambapo Tippu Tip anapita, yeye anazuiliwa. Na anapozuiliwa, msomaji anaanza kuwaona watu wa mahali.

Wahakiki wameonyesha kwamba maandishi hayo ya Velten yamo nyuma ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ya mwaka 1994, ambayo tangu mwaka 2022 inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Riwaya hiyo ni jibu la ukimya unaozungumzwa hapa. Gurnah amemweka msomaji mgongoni mwa Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake na kuchukuliwa na tajiri Aziz. Rehani hana safari yake mwenyewe. Anaambiwa panda, anapanda. Anaambiwa baki, anabaki. Kwa hiyo riwaya inaishi katika vituo. Yusuf anaachwa dukani kwa Hamid, na humo mna kazi za nyumba, magunia, maneno ya usiku na aibu ya kijana asiyejua kusoma Kurani akiwekwa pamoja na watoto wadogo. Baadaye msafara mzima unashikwa na Chatu, mtawala ambaye aliwahi kudhulumiwa na mfanyabiashara mwingine. Hapo tajiri na mtumishi wake wanatia nanga moja kwa mara ya kwanza: wote wanangoja, na wote wanaogopa. Ni sehemu yenye nguvu kuliko zote kitabuni, kwa kuwa amri imekwisha na kilichobaki ni siku.

Hata hivyo Peponi nayo ina mpaka wake. Yusuf ni mtoto wa hoteli na duka, si mtoto wa mzigo. Msimamizi wa msafara ana jina na historia, na Nyundo, mfasiri, ana jina na ulimi. Lakini wapagazi walio wengi wamebaki kundi, wakiimba, wakinung'unika na kufa pembezoni mwa ukurasa. Gurnah amesogea hatua kubwa kutoka kwa mwenye mali hadi kwa rehani. Hatua iliyobaki ni ya kutoka kwa rehani hadi kwa mpagazi, na hiyo haiwezi kuchukuliwa bila kugeuza ramani.

Ramani ikigeuzwa, mambo hubadilika mara moja. Kwa kijana wa Kinyamwezi kutoka upande wa Igalula, Tabora haikuwa bandari ya ugenini. Ilikuwa nyumbani au karibu na nyumbani. Ugenini kwake kulikuwa Bagamoyo. Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameeleza kwa kirefu kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye utaratibu wao, heshima yao na madai yao juu ya posho na mzigo. Na kwamba wanawake nao walikuwamo misafarani. Walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, wakashuka hadi pwani wakati wa kiangazi, wakangoja mizigo ya kurudi, na wengi walitaka kuwahi nyumbani mvua zitakapoanza Novemba, maana jembe lilikuwa likiwangoja. Basi wao ndio waliotia nanga mlangoni pa mtu wa pwani. Wao ndio waliokuwa wakitafuta maji na chakula katika mji wa watu, wakihesabu siku na kutazama mawingu. Mtu wa Bagamoyo ndiye aliyekuwa mwenyeji, akiwatazama kama vile watu wa Kilifi wanavyowatazama leo wageni wa mashua za matanga.

Je, ushairi wa pwani uliwatazama kweli? Swali hilo linawahusu wapenzi wa mashairi kuliko wanahistoria, kwa sababu chombo cha kulijibu kimo ndani ya sanaa yao. Mstari wa mwisho wa ubeti huitwa kituo. Ukirudiwa kila ubeti, huitwa kibwagizo, neno linalotokana na kubwaga, kitendo kilekile cha mpagazi anapotua mzigo jioni. Na kile kina kisichobadilika, kinachofunga kila ubeti wa utenzi kutoka mwanzo hadi mwisho, huitwa bahari. Istilahi hizi hazikutungwa kwa ajili ya misafara, wala haifai kudai hivyo. Lakini zinaonyesha kwamba sanaa ya ubeti inajua jambo ambalo nathari ya matajiri ililipuuza: mwendo hauna maana bila mahali pa kutua. Utenzi wenye beti mamia hufaa kusimulia safari, kwa kuwa unasonga. Shairi lenye kibwagizo hufaa kusema kungoja, kwa kuwa kila linapokwenda linarudi palepale, na kila likirudi neno lilelile limekuwa zito zaidi. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila mzigo wa kumrudisha kwao anajua maana ya mstari unaorudi.

Mashairi ya bahari yapo tele: chombo, dhoruba, nahodha, kuagana pwani. Wanafunzi wa Lamu, Mombasa na Unguja huyafunzwa na kuyapenda. Haba ni mashairi yanayomweka katikati mtu aliyetoka bara akasimama ufukweni kwa mara ya kwanza, mzigo umetuliwa, posho imepungua, lugha anaijua nusu. Uhaba huo hautokani na ukosefu wa maneno. Mpagazi na kirangozi, posho na kambi, vyote vimo katika Kiswahili, tena vimeingia au kuenea kwa miguu ya watu haohao. Kiswahili kinachozungumzwa Tabora leo ni deni la njia ile, na wadai wake wawili, pwani na bara, hawajawahi kukaa pamoja kulifanyia hesabu.

Misafara imekwisha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikahama kutoka mabegani hadi mabehewani. Maisha ya Tippu Tip yanastahili kuendelea kusomwa, tena kwa sauti, kwa uzuri wa lugha yake. Ila yasomwe kwa kusimama kila panapoandikwa kwamba walikaa, na msomaji aulize ni nani aliyepika siku hizo, kwa maji ya kisima gani, na kwao kulikuwa wapi. Mara nyingi jibu halimo kitabuni. Mshairi wa kisiwani atakayetaka kulitafuta ana njia iliyo wazi: avuke maji hadi bara, apande gari la moshi, ashuke Igalula, akae kitako hadi siku ya tatu, kisha akubali kupewa jembe.